Uzi Mwekundu Chini ya Ukosi

Jumatatu, 3 Machi

Mfagiaji! Eti mimi kwetu nilikuwa mfagiaji!

Nimesikia kwa masikio yangu na nimeelewa kwa Kiingereza changu mwenyewe, neno baada ya neno, bila mtu wa kunitafsiria. Bosi alikuwa anamtembeza mgeni karakanani. Wakafika mezani kwangu, kwenye pasi na makopo ya vifungo. Bosi akasema huyu ni mke wa kaka yake mkataji wetu, kwao alikuwa anafagia, mkasi hajawahi kushika, tumemchukua kwa kumsaidia tu. Mgeni akanitazama kwa huruma. Nikatabasamu kama bwege, nikaendelea kupiga pasi.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya darasa. Basi limepata kazi nyingine.

Niandike mambo yalivyo, hasira isije ikanichanganya. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na sita huu. Suti, makoti, magauni ya maharusi. Kwetu nilikuwa na chumba changu cha kazi, vyerehani vitano, mafundi wanne. Na zamani nilikuwa na mwanafunzi mmoja asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Huyo ni dada wa mume wangu. Wifi. Nilimfundisha miezi minane, akachoka, akapata safari, akaja huku. Miaka ikapita kumi na moja, ndipo akaniandikia: njoo wifi, karakana yetu inatafuta watu.

Siku ya kwanza Bosi aliuliza najua kazi gani. Nikamwambia Wifi: mwambie mimi ni fundi, nakata koti kwa macho, karatasi za vipimo sihitaji. Wifi akasema sentensi moja. Fupi mno. Bosi akatikisa kichwa, akanionyesha pasi. Mbona hivi, nikauliza. Wifi akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba huku kushika mkasi bila cheti chao ni kosa, nisitamke habari za ufundi wangu mbele ya mtu, nitarudishwa.

Nikanyamaza. Mwaka mzima na miezi miwili nimenyamaza. Tena nikamshukuru!

Leo nimejua ile sentensi fupi ilisema nini.

Kitu kimoja tu ninacho ambacho yeye hana habari nacho: ninasoma. Anadhani Jumatano na Jumamosi nakwenda kufua kwenye mashine za mtaa wa pili. Ni kweli nakwenda, na furushi langu kichwani. Nguo zinazunguka kule, mimi nimevuka barabara, niko darasani.

Jumatano, 5 Machi

Darasa. Mwalimu—tunamwita Mwalimu Soksi, maana hazijawahi kufanana—kachora mstari ubaoni. Upande huu HUKU, upande ule KWETU. Linganisheni maisha, sentensi tano kila mtu.

Nikaandika: Huku kuna lifti. Kwetu kuna ngazi. Huku watu wanapanga foleni. Kwetu watu wanapanga foleni na kugombana. Huku kuna baridi. Akanipa vema tano, akasema vizuri sana.

Vizuri wapi? Ni kweli zote, lakini hakuna hata moja iliyo kweli. Ningekuwa na maneno ya kutosha ningeandika: Kwetu mteja anakaa kwenye benchi mpaka nimalize kumeza chai yangu. Huku mtu akisema neno, nageuka kuitazama midomo ya Wifi kama mtoto anayengoja kulishwa. Kwetu hata mkuu wa shule aliniita fundi. Huku wananiita masikini-huyu.

Jirani yangu wa dawati ni Mpishi. Mtu mzima, masharubu, katoka nchi nyingine kabisa. Kiingereza chake kibovu kuliko changu, ndiyo maana tunaelewana. Yeye aliandika sentensi moja: Kwetu nilipika, huku naosha masufuria. Mwalimu akamwambia bado nne. Akajibu zimeisha.

Tumefundishwa pia sentensi ambayo Mwalimu anaiita ya dhahabu: samahani, sijaelewa, tafadhali rudia. Tumeikariri kwa sauti mara ishirini, darasa zima, kama watoto wa chekechea. Anasema mwenye kuona haya kuisema hii hatajua lugha hata akikaa miaka mia.

Jumapili, 9 Machi

Meza ya jikoni. Wifi kaleta kitambaa tena—koti la bawabu wa hoteli, mtu mnene, bega la kushoto limeshuka. Siku hizi oda zikizidi Bosi anawaruhusu wakataji kuja na kazi nyumbani. "Wifi yangu mzuri, nisaidie kidogo tu." Kidogo kwake ni kupima, kukata, kushona, kutia bitana na kupachika mikono. Yeye akabaki na vifungo. Hili ni la kumi na moja tangu nimefika.

Kabla ya Jumatatu nilikuwa nafanya kwa moyo mweupe. Nilijua namsaidia ndugu, na kusema kweli niliona raha kushika mkasi. Leo kila nikikata nilikuwa nakata shingo ya mtu.

Koti limetoka zuri, hata hivyo. Nifanyeje? Mkono haujui kufanya vibaya. Lile bega lililoshuka nimelinyanyua kwa pamba kidogo, hakuna atakayejua. Mwisho nikaona mkono umeshapiga alama yangu, wenyewe, bila kuambiwa. Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa na sheria hiyo: nguo haitoki bila alama ya aliyeishona. Yangu ni mishono mitatu ya uzi mwekundu, ndani, chini ya ukosi, pale ambapo mteja hatazami. Ugomvi ukija wa nani kakata, nani kaharibu, unafunua ukosi, kesi imekwisha. Nimeizoea kiasi kwamba hata shati la karakana ninalolipachika kifungo kimoja tu, naiacha kwa ndani. Wifi hakufikia kupewa alama. Hakumaliza nguo hata moja.

Baba watoto kapiga simu. Kasema dada yake kamweleza kwamba mimi huku mzito, Kiingereza hakiniingii, ila nisikate tamaa. Akanipa moyo! Jitahidi mke wangu, kila mtu na kipaji chake. Nyuma yake namsikia mama mkwe: amwige mwanangu, mwanangu anateleza Kiingereza kama maji.

Mtoto mdogo kauliza nakuja lini. Mkubwa hakuuliza. Ameacha kuuliza tangu mwaka jana.

Jumatatu, 17 Machi

Leo Bosi kakagua koti la bawabu. Ana namna yake. Analivaa yeye mwenyewe, hata liwe kubwa kama hema, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Ananyanyua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Halafu anashika mkono wa koti, anauvuta kwa nguvu, kwanza wa kulia kisha wa kushoto. Mikono ikibaki mahali pake, koti limepita.

Ikabaki. Akampigia Wifi makofi mbele ya karakana nzima. Wifi akacheka, akasema hakuna shida, hakuna shida.

Kisha Bosi akatangaza. Mkataji mkuu anastaafu. Wanaotaka nafasi yake walete koti moja la majaribio tarehe saba mwezi ujao, siku mbili baadaye yeye atalivaa. Atakayepita anapewa mkataba mrefu, na mwenye mkataba mrefu anaruhusiwa kuleta watoto wake.

Nimeelewa yote. Nilikuwa nimeshika pasi, nikaiacha juu ya suruali mpaka ikanuka.

Watoto wake! Wifi hana mtoto. Hana hata paka. Nafasi ile ni yangu, imekatwa kwa mkasi wangu mara kumi na moja, na mlangoni pake wanasubiri wanangu wawili. Na yeye ataikalia hivihivi, avae funguo za mkataji mkuu kiunoni, apige picha awatumie nyumbani.

Nimfuate Bosi nimwambie? Kwa mdomo upi? Kiingereza changu kinakimbia kichwani, kikifika kwenye meno kinakwama. Na nani atamwamini mfagiaji? Halafu kumwambia tu hakutoshi. Mimi nataka aanguke. Mbele za watu, pale pale aliponiangusha mimi. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walijua wanachosema, na nguo hii nimeishona mwenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimepata zawadi.

Msimamizi wa jengo kapitisha karatasi chini ya mlango. Nikaisoma nikiwa peke yangu: Jumanne maji yatakatwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, wanarekebisha mabomba. Imeandikwa wazi, hata Mpishi angeisoma. Wifi aliporudi nikampa tu kwa mazoea, kama ninavyompa kila karatasi. Wifi, wanasemaje hawa?

Akaitazama. Akaitazama tena. Midomo ikacheza. Akacheka: "Aah, wanatukumbusha tusipige kelele kwenye ngazi. Watu wa huku bwana!" Akaikunja, akaiweka chini ya sufuria.

Nilikaa kitako. Hajui! Miaka kumi na miwili, na hajui!

Yakaanza kunirudia mengi. Anavyocheka kabla Bosi hajamaliza kusema. Anavyosema hakuna shida kwa kila kitu, hata siku ile aliyoulizwa saa ngapi. Sijawahi kumsikia, hata mara moja, akisema ile sentensi ya dhahabu. Kiingereza chake ni kama mtu mwenye nguo tatu: anazivaa kwa zamu, anayemwona kwa mbali anadhani ana kabati zima. Na mimi nilikuwa nakaa chini ya midomo hiyo nikisubiri kulishwa!

Karatasi nimeichukua chini ya sufuria. Sijamwambia kitu.

Jumanne, 1 Aprili

Hahaha! Leo lazima niandike hata kama nitachelewa kazini.

Jana niliporudi nilijaza ndoo mbili nikazisukuma nyuma ya kitanda changu. Asubuhi nikaoga mapema, nikavaa, nikaketi kunywa chai kama bibi wa nyumba. Wifi kaingia bafuni na sabuni yake mpya ya nywele. Anaimba. Akaimba, akaimba, akanyamaza. "Wifi! Maji!" Nikauliza maji yamefanya nini. "Yamekatika!" Nikasema pole. Nikamega mkate.

Alitoka na taulo, povu limemsimama kichwani, jicho moja kalifumba. Akampigia simu msimamizi wa jengo, akafoka sentensi zake tatu. Nikasikia upande wa pili mtu anaeleza taratibu kwamba barua ilitumwa. Wifi akasema ndiyo, ndiyo, hakuna shida, akakata. Nikamuuliza kasemaje. Kasema bomba limepasuka ghafla.

Nilimwachia nusu ndoo. Nusu tu. Roho yangu ilisuuzika kuliko nywele zake.

Jumamosi, 5 Aprili

Darasani tumesoma mbele ya wote. HUKU na KWETU tena, safari hii aya nzima. Nilikuwa nimeandika habari za hali ya hewa. Nikasimama, karatasi mkononi, na kitu kikanipanda. Nikasema bila kusoma: Kwetu adui yangu anaishi mtaa wa pili na akinikuta sokoni tunapishana. Huku adui yangu ananitengenezea chai, tunalala ukuta mmoja, na nikiumwa ndiye ananinunulia dawa. Kwetu ningemtukana kwa maneno elfu. Huku ninayo mia mbili, nayahesabu, nayaweka akiba.

Halikukwama hata neno moja! Mpishi peke yake akapiga makofi. Mwalimu aliniuliza baadaye kama kuna mtu ananitesa. Nikasema hadithi tu, Mwalimu.

Mpishi hakudanganyika. Tukiwa tunangoja nguo zangu zikauke akanisimulia yake, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Hotelini kwao mpishi mkuu alimwonea. Siku moja akaachiwa supu aitengeneze, itoke kwa jina la mkuu. Akaizidishia chumvi kusudi, mkuu aaibike. Aliyefukuzwa ni yeye. Kwa nini? Akajilamba kidole: wageni wote walijua supu ile kapika nani.

Nikamwambia pole, lakini mimi si mjinga hivyo.

Jumapili, 6 Aprili

Koti la majaribio. Kitambaa kizuri cha sufu, kijivu kilichokolea, laini mno. Wifi kakitandaza mezani kama anatandika kitanda cha mgonjwa. "Hili moja tu wifi yangu. La mwisho. Nikipita hili sikusumbui tena."

Nikasema usijali.

Nimelikata kwa saa moja. Sijawahi kukata koti kama hili, hata kwetu. Mabega yamekaa, kifua kimekaa, bitana haina hata kunyanzi. Nilitaka liwe zuri kabisa, ili kila mtu alitazame. Kisha nikafika kwenye mkono wa kushoto.

Nimeupiga bandi tu! Ile mishono mirefu ya muda, ya kushikilia kitambaa kabla hujapitisha cherehani. Niliifupisha kidogo, uzi rangi ile ile, nikapiga pasi ya mvuke juu yake mpaka mshono ukalala. Ukitazama huoni. Ukilivaa huhisi. Ukinyanyua mkono na mtu akivuta—kwisha habari yako. Utabaki nao mkononi kama soksi.

Mkono wangu uliniuma nikifanya hivyo. Ulikuwa hautaki. Mara mbili nilijikuta nimeanza kushona kweli, nikafumua.

Wifi alikuwa pale pale, anapachika vifungo, anaimba wimbo wa harusi. Akakumbuka siku alizojifunza kwangu. Anasema nilikuwa nampiga kwa futi vidoleni akikosea. Nikamjibu sikuwahi kupiga kwa nguvu. Akasema ndiyo maana hakujua kitu, akacheka sana, na mimi nikacheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Limepelekwa. Linaning'inia ofisini kwa Bosi, nyuma ya kioo. Kila nikienda kuchukua vifungo naliona. Makoti mawili ya wengine yako kando yake, ukilinganisha unawahurumia. Jumatano asubuhi analivaa.



Jumanne, 8 Aprili

Wifi kaingia chumbani kwangu jioni, kakaa ukingoni mwa kitanda, bila hodi. Macho mekundu. Nikajua kagundua.

Hapana. Kasema, "Wifi, nikipata hiyo kesho, majina ya kwanza kuyapeleka ni ya watoto wako. Nitasema ni wangu, nitasema vyovyote. Wanakuja." Nikamtazama usoni nitafute uongo ulipo. Sikuuona, lakini kwa huyu sikuuona hata siku ya kwanza.

Halafu akasema bila kuulizwa: alipofika huku alifagia. Miaka minne, karakana hii hii, chini ya meza zile zile. Picha zote alizotutumia amekaa kwenye cherehani alipigwa wakati wa mapumziko, wenyewe wakiwa wametoka. "Usimwambie mama."

Kumbe! Ile sentensi fupi aliyonisemea kwa Bosi ilikuwa maisha yake mwenyewe. Kavua nguo yake akanivika mimi. Pengine ndiyo pekee aliyokuwa nayo kwa Kiingereza.

Nilitaka kumhurumia. Nilijaribu kweli, dakika nzima. Kisha nikakumbuka mwaka na miezi miwili ya pasi, na mkubwa wangu aliyeacha kuuliza. Nikamwambia lala wifi, kesho una kazi.

Jumatano, 9 Aprili

Saa nne na nusu. Nimejifungia chooni, karakanani. Daftari juu ya magoti. Nina dakika chache, Bosi yuko kwenye simu. Mungu wangu.

Asubuhi alituita ofisini, Wifi na mimi. Kwa nini mimi? Nilidhani kanitaka nibebe hanga. Koti liko mezani, hajalivaa. Kando yake kuna lile la bawabu lililorudi kuongezwa kifungo, na mengine mawili ya Wifi. Na shati moja la karakana nililolipachika kifungo wiki iliyopita. Bosi akavaa miwani. Akafunua ukosi wa kwanza. Uzi mwekundu, mishono mitatu. Wa pili. Mwekundu. Wa tatu. Akafunua lile la majaribio—mwekundu. Akageuza shati. Mwekundu.

Lini nimeweka kwenye la majaribio? Sikumbuki! Mkono huu! Mkono mjinga huu!

Akamuuliza Wifi, taratibu kabisa: uzi huu ni wa nani? Wifi akacheka, akasema asante. Bosi akarudia. Wifi akasema ndiyo, ndiyo, hakuna shida. Bosi akavua miwani, akasema basi muulize mke wa kaka yako.

Wifi akanigeukia. Tabasamu limemganda kwenye meno. Kwa lugha yetu, polepole: "Wifi, anasema nini? Najua unasoma. Nilikuona dirishani tangu mwezi wa kwanza, sikutaka kukuumbua. Nisaidie. Anasema nini?"

Hiki ndicho nilichokuwa nakiomba. Midomo yake inatazama midomo yangu. Ningeweza kumwambia lolote. Ningeweza kumwambia Bosi anasema tusipige kelele kwenye ngazi!

Nikafungua mdomo, ikatoka ile ya dhahabu. Kwa Bosi, kwa Kiingereza, safi: samahani, sijaelewa, tafadhali rudia. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nilitaka muda tu. Bosi alishtuka kama pasi ndiyo imeongea. Akavuta pumzi arudie, simu ikalia. Akasema dakika kumi, nikirudi nalivaa.

Sasa nihesabu vizuri.

Nikisema uzi ni wa Wifi: analivaa, ananyanyua mikono, anavuta, mkono unabaki kiganjani. Wifi anaanguka mbele ya watu wote, kama nilivyopanga. Na mimi nimebaki mfagiaji maisha yangu yote, kwa kauli yangu mwenyewe.

Nikisema uzi ni wangu: makoti yote kumi na mawili ni yangu. Pamoja na hili. Analivaa, anavuta, na mkono ni wangu pia. Kazi ya miaka kumi na sita, na koti pekee nililoshona kwa chuki ndilo litakalopimwa! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ewe Mpishi na chumvi yako.

Iko njia ya tatu. Nitoke sasa hivi nimwambie kabla hajalivaa: ngoja, mkono wa kushoto una kosa, nimelifanya mimi, nipe dakika tano nikuonyeshe. Nishone mbele yake. Maneno yote ninayo. Nimekosa moja tu: sijui kusema "kwa makusudi". Mwalimu hajatufundisha. Na Wifi atakuwa amesimama pale, hajui nasema nini, ananisubiri nimtafsirie. Nimtafsirieje hilo?

Anagonga mlango.

Anagonga tena. Anasema, "Fundi." Hajaniita hivyo miaka kumi na miwili, tangu alipokuwa anakaa kwenye kigoda changu cha chini akitafuta tundu la sindano. "Fundi, toka. Kamaliza simu. Kashika koti."

Sindano iko kwenye ukosi wangu, iko siku zote. Nimetunga uzi wa kuushonea ule mkono wa kushoto. Nimeangalia rangi baada ya kuutunga: mwekundu. Nimeibana kwa meno ili niandike.

"Fundi, keshaingiza mkono wa kulia—"